Kola za Mama Sweta

Mlandege, Iringa
Jumapili, 3 Machi 2024

Kaka Clement,

Kamwene. Naamini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la wifi Esnath limeacha kumsumbua. Sisi huku hatujambo, ila mvua zimezidi na nguo hazikauki.

Usishangae kuona barua wakati simu zipo. Simu ya duka anayo Sekela, ndiye anayesoma oda za WhatsApp, na hii yangu ya kitochi huipokea yeyote aliye karibu nayo. Jambo lenyewe sitaki lisikike hapa, kwa hiyo nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi.

Nataka kumwachisha kazi Sekela. Naomba unipe sababu ya kisheria. Wewe umekaa kwenye chama cha wafanyakazi miaka ishirini na sita ukigombana na mabosi, sasa umestaafu, safari hii msaidie bosi.

Sekela ni yule binti wa Kinyakyusa niliyemchukua miaka mitatu iliyopita akiwa hajui hata kushika uzi. Mimi ndiye niliyemkalisha kwenye mashine ya kufumia nikamwonyesha mgongo, kifua, mikono, kila kitu. Leo mteja anaingia, ananitazama mimi niliyesimama mbele yake, halafu anauliza, "Yule dada yupo?" Kaka, duka ni langu. Nilianza na mashine moja, marehemu mume wangu akiwa bado hai, nikavisha masweta nusu ya shule za Mufindi mpaka mji mzima ukaniita Mama Sweta. Wiki iliyopita mtoto wa darasa la tatu alipita hapo nje, akamwona Sekela mlangoni, akasema kwa sauti, "Shikamoo Mama Sweta." Na yeye akaitikia marahaba. Hakumwambia mtoto kwamba mwenye jina yuko ndani.

Asubuhi anawahi kufika kabla ya watu wote ili aonekane. Nikiingia saa mbili ameshafagia, ameshawasha taa, amekaa kama mwenye mali. Sista mkuu wa shule ya Igowole akipiga simu anataka kuongea naye. Hata mwanangu akipiga kutoka Dodoma anamalizia na "msalimie Sekela". Mwenzake Devota yupo hapo siku zote, hakuna anayemuulizia, na mimi na Devota tunaelewana sana.

Kola nafuma mimi mwenyewe. Hilo sijamwachia mtu, na kola ndiyo sweta. Kwa hiyo duka litasimama bila yeye. Nitafutie sababu iliyo safi, asiweze kunirudia.

Mdogo wako,
Faustina


Mbeya, 12 Machi 2024

Mdogo wangu Faustina,

Barua nimeipata, ikinuka vitunguu vya abiria, lakini haijachanika. Esnath anakusalimu, goti linapoa kukiwa na jua, na jua lenyewe unajua jinsi lilivyo adimu huku. Mimi nina mafua tu.

Umeuliza, nakujibu. Sheria ya ajira inataka vitu viwili kwa pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Sababu ziko za namna tatu. Ya kwanza ni mwenendo wa mtu: wizi, matusi, ulevi kazini, kutoroka kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya maana. Ya pili ni uwezo, yaani kazi imemshinda, na hapo lazima uwe umemwelekeza na kumpa muda ajirekebishe. Ya tatu ni hali ya shughuli yenyewe, kama kazi imepungua kweli na huna namna.

Ukishakuwa na sababu, unamwandikia tuhuma, unampa si chini ya saa arobaini na nane ajiandae, unaitisha kikao chini ya mtu asiye na upande, anakuja na mwenzake wa kumsindikiza, anajitetea, halafu unampa uamuzi kwa maandishi. Ukikosea, ana siku thelathini za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na huko, mama, wa kuthibitisha kwamba alifukuzwa kwa haki ni wewe, siyo yeye.

Sasa nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili na miwani. Makosa niliyoyaona ni matatu: kuwahi kazini, kupendwa na wateja, na kuitikia shikamoo. Nimepekua sheria yote, hayamo. Na wivu wa mwajiri nao haumo.

Mpandishe cheo, ulale.

Kaka yako,
Clement


Mlandege, 7 Aprili 2024

Kaka Clement,

Kamwene tena. Pole na mafua. Utafune tangawizi, usingoje Esnath akulazimishe. Mimi mzima, vidole tu vinakakamaa asubuhi kwa sababu ya baridi ya mvua hizi.

Nimekasirikia barua yako siku tatu, kisha nikaifanyia kazi. Nilianza na mwenendo. Nilimwandikia onyo la kwanza kwa kupokea heshima isiyo yake. Usicheke. Alisoma, akatia saini, akaniuliza kwa upole nakala yake aiweke wapi. Halafu akachukua faili tupu, akaandika jina lake juu, akaiweka ile barua ndani na kulipanga rafuni pamoja na mafaili ya oda. Hata kuonywa anajua kuonywa vizuri kuliko mtu mwingine.

Nikaenda kwenye uwezo. Nikasema sawa, tumpime kwa kazi asiyowahi kupewa. Nilimwambia afume kola ya shingo ya V yenye mistari miwili ya njano, ile ya Igowole, na mimi nifume yangu, halafu sista mkuu aamue bila kujua ipi ni ya nani. Yeye alimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilimaliza kesho yake, kwa sababu taa ya upande wangu ni mbovu.

Sista alikuja Jumatano. Alizishika zote mbili, akazivuta, akazigeuza nyuma. Akainua ile ya Sekela akasema, "Hii ndiyo kola ya Mama Sweta mwenyewe, naijua hata nikifumba macho. Hii nyingine ni ya mwanafunzi, ila msimkatishe tamaa." Sekela aliinamisha kichwa akaanza kuokota nyuzi sakafuni ambazo hazikuwepo.

Kaka, nina wivu, ndiyo. Nakwambia wewe kwa sababu tumenyonya ziwa moja. Namwonea wivu vidole vyake, namwonea wivu macho yake yasiyotaka miwani. Nikilala naisikia sauti ya sista. Nimeibiwa mkono wangu mchana kweupe na sheria yako haina jina la wizi huo.

Niambie kuhusu ile sababu ya tatu. Nikisema kazi imepungua?

Mdogo wako,
Faustina


Mbeya, 15 Aprili 2024

Faustina,

Hatujambo, mafua yameisha.

Kazi haijapungua. Umeniambia mwenyewe una oda ya Igowole, na lazima zipo nyingine. Ukimpunguza kwa uongo kisha ukamwajiri mwingine mwezi wa sita, Tume itakucheka. Na hata usipomwajiri mwingine, mimi nitajua. Sitakuandikia tena namna ya kufanya hilo.

Nataka kujua kuhusu vidole. Mama yetu alianza hivyohivyo, akisema ni baridi, mpaka akashindwa kufunga kitenge mwenyewe. Nenda hospitali. Na siku nyingine ukiwa na wivu, niandikie habari ya wivu tu, nitasoma yote. Usiuvalishe sheria.

Kaka yako,
Clement


Mlandege, Jumapili, 7 Julai 2024

Kaka Clement,

Kamwene, na samahani kwa kimya cha miezi karibu mitatu. Nilikuwa nimenuna. Wifi mpe pole, nimesikia Mbeya mwaka huu baridi imekuwa kali. Huku Ipogolo kule chini kuna nafuu, sisi wa juu tunakaa na makoti mpaka saa nne.

Nimepata sababu, na safari hii siyo yangu, ni yako, uliiandika mwenyewe. Tangu Jumatatu tarehe moja mpaka jana Jumamosi, Sekela hajakanyaga kazini. Siku sita kamili, na shule zinafunguliwa. Daftari la mahudhurio liko wazi, Devota ni shahidi kwamba kiti kilikuwa kitupu. Akija kesho anakuta barua ya tuhuma. Kikao nimekipanga Jumatatu tarehe ishirini na mbili, ili asiseme hakupewa muda wa kujiandaa. Mwenyekiti ni Mzee Aroni, fundi seremala wa jirani, mtu wa kanisa, hana upande.

Unaona nimejifunza? Nataka tu unihakikishie kwamba siku sita zinatosha.

Mdogo wako,
Faustina


Mbeya, 12 Julai 2024

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na Esnath kazipokea.

Siku sita zinatosha, kama hakuwa na ruhusa wala sababu. Hayo ndiyo maneno yenye uzito, na barua yako imeyaruka. Hujaniambia alikwenda wapi. Hujaniambia kama aliaga. Mtu aliyefungua duka lako kila asubuhi kwa miaka mitatu hapotei siku sita bila neno.

Kama alifiwa, sheria yenyewe inampa siku nne za msiba kwa mzazi, mtoto, mume, ndugu, bibi au babu, na siku zaidi ya hizo ni ruhusa yako. Ruhusa ya mdomo nayo ni ruhusa.

Kwa hiyo nijibu kabla ya kikao, mstari mmoja tu unatosha: aliaga?

Kaka yako,
Clement


Mlandege, Jumapili, 28 Julai 2024

Kaka Clement,

Kamwene. Sisi wazima. Natumaini na ninyi.

Sikukujibu kabla ya kikao. Nakujibu sasa, kikao kimeshapita.

Kila kitu kilikwenda kama ulivyonifundisha. Sekela alikuja na Devota wa kumsindikiza. Mzee Aroni alisoma tuhuma, akamwambia ajitetee. Sekela alisimama ingawa aliambiwa anaweza kukaa. Alisema bibi yake mzaa mama alifariki Rungwe, kwamba Jumamosi tarehe ishirini na tisa wakati tunafunga duka aliniomba ruhusa, na kwamba nilimwambia aende. Kwamba msibani simu haikushika mtandao. Basi. Mzee Aroni akanigeukia akaniuliza kama nakumbuka.

Nikasema, "Sikumbuki kitu kama hicho."

Sekela alinitazama, siyo kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoacha ufunguo. Kisha akasema, "Kama mama hakumbuki, basi labda nilisikia vibaya." Devota akafungua mdomo, alitaka kusema jambo, akawa mwekundu wa macho. Sekela akamshika mkono akamnyamazisha. Mzee Aroni aliuliza mara mbili kama wana la kuongeza, hawakuwa nalo. Nilimpa barua siku ileile. Alitia saini. Aliacha simu ya duka mezani, ikiwa imechajiwa, akaondoka kwenda kwao Uyole.

Kaka, aliniomba. Tulikuwa tumeshazima taa, nimeshika kufuli. Nilimwambia, "Nenda mwanangu, mzike bibi yako, urudi ukimaliza." Nilisema kwa moyo kabisa. Ni Alhamisi, kiti kikiwa kitupu na kumekuwa na utulivu, hakuna anayeuliza "yule dada", ndipo nilipohesabu siku nikaona zinaelekea tano.

Nimeshinda. Wateja sasa wanaongea na mimi. Naandika hivi ili walau mtu mmoja ajue.

Mdogo wako,
Faustina


Mlandege, Jumapili, 18 Agosti 2024

Kaka Clement,

Shikamoo. Wiki tatu hujajibu na simu zangu hupokei. Namwomba Mungu iwe ni hasira na siyo ugonjwa. Kama ni hasira, isome hii kwanza, utaendelea baadaye. Nimemwambia dereva asikupe mpaka akuone uso.

Jumatano gari la shule ya Igowole lilirudisha masweta arobaini. Kola zimefumuka, nyingine zimepinda, mtoto akivaa shingo inakaa upande. Sista ameandika kikaratasi: "Hizi siyo kola za Mama Sweta. Nani anafuma sasa?"

Ni mimi, kaka. Nimefuma zote kwa mkono wangu, kama ninavyofuma siku zote.

Nilimwita Devota nimgombeze kwa kupanga vibaya. Akalia. Akasema kola zangu zinafumuka tangu mwaka juzi. Sekela alikuwa anakuja saa kumi na mbili alfajiri, anazifumua moja moja, anazifuma upya kwa mtindo wangu, anazirudisha kwenye fungu langu kabla sijafika. Alimkataza Devota asiseme, na hata mle kikaoni ndilo alilomzuia kusema. Alimwambia, "Mama akijua vidole vimemshinda ataumwa kweli."

Nilikaa juu ya gunia la nyuzi mpaka miguu ikafa ganzi. Sifa zote nilizokuwa nalinda zilikuwa zake. Nilisoma sheria yako ya uwezo nikitafuta nani kazi imemshinda, na nilikuwa naishika kwa vidole hivihivi. Angeweza kunimaliza pale mezani kwa sentensi moja. Hakuisema. Unajua ninavyoumia? Zamani nilimwonea wivu mikono. Sasa namwonea wivu moyo, na huu ni mbaya zaidi, kwa sababu moyo nilikuwa nao siku nilipomwambia nenda mwanangu, nikauacha mwenyewe.

Nimehesabu. Siku thelathini zinaisha Jumatano hii, tarehe ishirini na moja. Baada ya hapo barua ile ya kumfukuza itabaki hivyo, kwamba alitoroka. Nimempigia, haipokelewi, na sina haki ya kulalamika. Nenda Uyole, kwao ni karibu na kituo cha utafiti, uliza nyumba ya Mzee Yotamu, baba yake. Mwambie akanishtaki. Ndani ya bahasha hii nimeandika na kusaini kwamba aliomba ruhusa na nilimpa, tarehe, saa, na maneno niliyosema. Mpe. Asimwachie mtu.

Mdogo wako,
Faustina


Mbeya, Jumatatu jioni, 19 Agosti 2024

Mdogo wangu Faustina,

Marahaba. Siumwi, na Esnath haumwi. Sikukujibu kwa sababu niliona aibu. Hatua zote ulizotumia kumfukuza ulizipata kwangu, kwa mwandiko wangu, na barua yako ya Julai nimeisoma mara nyingi nikishindwa kuanza hata salamu.

Dereva kanikabidhi saa nane. Saa tisa na nusu nilikuwa Uyole. Nilimkuta Sekela anachambua viazi na mama yake. Nilijitambulisha kwamba mimi ni kaka yako, akainuka kuniletea kiti, akaniuliza hali ya vidole vyako kabla sijakaa.

Nilipomwambia habari ya Tume alikataa. Alisema hawezi kumpeleka mama mbele ya watu, amemfundisha kazi. Nikabishana naye kama nilivyokuwa nikibishana zamani, hakusogea. Basi nikatoa karatasi yako nikampa. Aliisoma polepole. Akairudia. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ni kweli alisema nenda mwanangu?" Nikamwambia ndiyo, na ni yeye mwenyewe ameandika.

Akaweka karatasi magotini. Akasema, "Mwezi mzima najiuliza kama nina wazimu. Baba aliniuliza kama nilitoroka, nikamwambia sijui." Halafu akalia, Faustina, mtoto wa watu, na mama yake akaacha viazi akaingia ndani ili tusimwone naye. Nimekaa kwenye kesi za wafanyakazi miaka mingi, nimeona watu wakilia kwa kukosa mshahara. Sikuwahi kuona mtu analia kwa sababu amegundua kwamba hakudanganya.

Baada ya hapo alikubali. Fomu nimemjazia mimi, mezani kwa Mzee Yotamu. Nilimuuliza anadai nini. Hakutaja fedha. Anataka barua ile ifutwe na iandikwe kwamba hakutoroka kazini. Kuhusu kurudi dukani alisema hajui, na wewe usimuulize leo.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, kwa basi la alfajiri. Sheria inataka nakala ya fomu uipokee kwa mkono na kusaini kabla hajaipeleka Tume, kwa hiyo unaposoma hapa yuko mbele yako. Mpe kiti. Saini mara moja, usimcheleweshe, ofisi zinafungwa saa tisa na nusu na siku ya mwisho ni Jumatano.

Siku ya usuluhishi nitakuja Iringa. Nitafikia kwako, nitalala kwako, nitakula ugali wako, na asubuhi tutatoka pamoja. Tukifika, useme yale uliyoandika, yote, kwa sauti. Sekela ameniomba nimsindikize na nimekubali, kwa hiyo mezani nitakaa upande wake. Najua na hilo utamwonea wivu.

Kaka yako,
Clement